Basi la Wasabato na Wakatoliki

Miaka ya hamsini, karakana yetu mjini Kisii ilipokea magari uchi kutoka Uingereza, chasisi na injini tu, nasi tukayavisha bodi za mbao yawe mabasi. Mwenye karakana, mwerevu kupindukia, hakutaka kazi ilale hata siku moja. Sisi Wasabato akatupa ubavu wa kushoto, Wakatoliki wa kulia. Jumamosi tukisali, wao waligonga misumari. Jumapili wakisali, tuligonga sisi. Kulinganisha vipimo? Mungu apishe mbali! Nani angekopa vipimo kwa mpotevu? Basi likakamilika: madirisha yetu yalimfikia abiria kifuani, yao puani. Mteja kutoka Suneka akauliza nani amekosea. Hapo ndipo makanisa yetu yalipopatana kwa mara ya kwanza: chasisi ya Mzungu ilikuja imepinda.