Ati cherehani yangu ilivunjika njiani!

Leo kuna mtu amenijaribu, na mimi ni bibi mwenye wajukuu, si mtoto.

Niliuza cherehani hapa mtandaoni. Nikaifunga na blanketi, nikaitia kwa gunia, nikashona mdomo na kamba ya katani vile tunashona mahindi. Karani wa mizigo akaona, nikapiga picha.

Leo mnunuzi ananipigia.

"Shosho, imefika imevunjika. Rudisha pesa."

"Tuma picha."

Akatuma. Gunia yangu, na mshono wangu bado umefunga mdomo!

"Kijana, kuvunjika umeona na macho gani?"

Akakata simu.

Aiya! Mwizi mvivu hivi mmewahi kuona?

Nyinyi mnaouza vitu vya bei, shoneni na mpige picha.

Na wewe kijana, fungua gunia ushone nguo. Hiyo pesa sasa ni mbuzi, iko hapa inakula.