Kumtafutia Baba Neno la Mpira

Baba alipopata kiharusi, kilichotuumiza zaidi si mkono wake uliolegea, ni ule ukimya. Mtu aliyewahi kuchezea timu ya reli hapa Tabora, asiyemaliza chakula bila kubishana kuhusu mpira, sasa alikaa barazani akitutazama tu. Muuguzi alituambia tumsemeshe mambo anayoyapenda, huenda ulimi ukaamka. Miezi ikapita. Nikaanza kuogopa kwamba sauti yake nimeshaisikia mara ya mwisho.

Tatizo, mpira wenyewe siujui. Mimi napenda kuchimbua maneno. Mama husema nina umbea hadi na maneno. Basi jioni moja nikamwamkia baba, nikakaa na simu yangu, nikaanza kumsimulia mpira unavyoitwa huko Ulaya.

Nikamwambia Waingereza walisema futiboli, yaani mpira wa mguu, halafu kila jirani akafanya lake. Wajerumani walichukua mguu wao na mpira wao wakaunganisha. Wafini nao vilevile: jalkapallo. Wahispania walilibeba la Kiingereza zimazima, wakasema fútbol. Watetezi wa lugha yao wakaunda neno la Kihispania safi, lakini wengi hawakulitaka. Waitaliano, jamani, wao wanasema calcio, yaani teke. Teke tu, nikamwambia baba, hata mpira haumo. Akanikazia jicho. Nikapata moyo, nikaendelea kubwabwaja.

Nikafika kwa Wapolandi. Baadaye nilikuja kujua kwamba ile l yao yenye mstari haitamkwi kama yetu, lakini siku hiyo nilisoma nilivyoona: pilka.

Midomo ya baba ikatikisika. Nikarudia, pilka, ndiyo mpira kwao. Mishipa ya shingo ikamsimama, jasho likamtoka, nami nikaingiwa na huruma, nikataka kumwambia aache, asijichoshe.

"Mpila," akasema.

Kwa ile l ya Kinyamwezi aliyokuja nayo kutoka Puge, ambayo mama, mzaliwa wa mjini, amekuwa akimsahihisha tangu waoane. Mama alikuwa mlangoni anachambua mchele. Akaweka ungo chini, akaja kumshika ule mkono uliolegea.

"Ndiyo, baba watoto," akasema. "Mpila."