Ukuta wa Uyoga Niliomwagilia Maji

Siku yangu ya kwanza kazini, kule Kibaoni, Fundi Mkuu alinipa ndoo badala ya mwiko. "Tofali la saruji linakunywa maji siku saba, asubuhi na jioni," alisema. "Usipomwagilia litapasuka, na wewe nitakufukuza." Nilibeba maji msimu mzima. Baadaye nikahamishiwa Usevya kufundisha ujenzi, halafu chuo cha ufundi mjini Mpanda, na kila nilikofundisha nilianza na ndoo. Kwa hilo nilikuwa mkali, na nilijivunia.

Mwaka wangu wa mwisho, Mkuu wa Chuo alirudi kutoka semina na chupa ya mbegu za uyoga. "Mzee, sasa utafundisha matofali yasiyomaliza misitu yetu kwa kuni kama yale ya kuchoma," akaniambia. Nilidhani ananitania. Tulichemsha pumba za mpunga na magunzi yaliyopondwa, tukachanganya na mbegu, tukashindilia kwenye kalibu za tofali. Baada ya siku kadhaa nyuzi nyeupe za uyoga zilikuwa zimeshikamanisha kila kitu. Kisha tofali linaokwa kwa moto mdogo ili likauke na uyoga ufe. Jepesi, unalinyanyua kwa vidole viwili! Nyumbani, mtaa wa Shanwe, mke wangu aliniuliza kama nafundisha ujenzi au mapishi.

Wanafunzi walijenga kibanda cha mtihani. Kikisimama, wanapata vyeti. Kikianguka, wanarudia mwaka. Nyamizi, binti wa wafugaji, alikuwa ameshaambiwa na baba yake kwamba mwaka mwingine hatarudi chuoni. Aliniona nikigawa ndoo.

"Samahani Mwalimu, hata ukuta huu tunaumwagilia?"

"Ukuta ni ukuta. Mwagilia!"

"Lakini Mwalimu, si tumeyaoka ili yakauke?"

"Nyie watoto wa siku hizi mna maneno mengi."

Wakamwagilia. Siku ya nne ukuta ulikuwa laini kama andazi lililochovywa kwenye chai, na kwenye kona uyoga ulikuwa umechipua, kwa sababu moto wa tanuri letu haukufika katikati ya matofali. Mkuu wa Chuo akauliza, "Nani amemwaga maji hapa?"

Nyamizi akanyoosha mkono. Nilikuwa nimefuata kila nilichofundishwa, na nimeharibu. Nilijaribu kuelewa, sikuelewa. Ila aibu niliielewa vizuri.

"Ni mimi niliyemwamuru," nikasema. "Alinikumbusha, nikamfokea."

"Wewe, Mzee? Na uzoefu wote huo?"

Walipewa wiki chache wajenge upya. Nyamizi ndiye aliyeongoza, mimi nikaponda magunzi. Nilimuuliza, akanieleza, nikasahau, nikamuuliza tena. Safari hii alipasua tofali moja kila walipotoa kwenye tanuri, ahakikishe ndani ni kavu. Mkaguzi alipokuja aliusukuma ukuta kwa bega, ukakaa imara.

Kwenye cheti cha Nyamizi kulikuwa na mstari wa mwalimu aliyemfundisha somo hilo. Mkuu wa Chuo alinipa kalamu. Nilisaini, maana bila saini yangu asingekipata. Sasa nimestaafu, watu wananiita Mwalimu kila ninapopita, na bado sijui kama pale niliandika kweli au uongo.