Sukari Haikumshinda Mama wa Chungu

Jirani yangu wa Kangemi ametutoka, wasomaji wangu, yule tuliyemwita Mama wa Chungu. Msilie. Ameenda usingizini, akiwa na vitukuu, na mimi huo nauita ushindi, maana sukari ilimshika akiwa bado msichana wa kusuka nywele Westlands, na watu walishaanza kumhesabia siku.

Sikusoma sana, lakini chungu chake nakielewa. Kwanza vilikuwa viwili: kidogo ndani ya kikubwa, katikati mchanga uliolowa, juu kitambaa chenye maji. Insulini, dawa yake ya kujidunga, ilikaa humo ndani ikipoa, kwenye mfuko usioingia maji, kivulini penye upepo. Stima ikipotea, sisi tunalilia televisheni, yeye anaongeza maji tu. Halafu binti yake akapata kazi Upper Hill, akamletea friji, insulini ikahamia humo. Sasa mnajua ploti zetu za kupanga, mlango kwa mlango: friji ya mmoja ni ya wote. Wakaja na maziwa, soda, hata sufuria ya githeri. Jirani wetu muuza samaki akaja na mbuta mzima, akakosa nafasi, akaihamisha insulini yote juu kwenye barafu. Jioni mama anataka kujidunga, chupa zimekuwa mawe.

“Si zitayeyuka, mathe?” muuza samaki akauliza. “Nilidhani baridi ikizidi ndio inakaa poa.”

“Ikishaganda imekufa, hata ikiyeyuka. Hii ni dawa, si mbuta wako!” mama akamkemea.

Binti akakimbilia duka la dawa Hurlingham. Sisi tukaketi na mama mlangoni, midomo imemkauka, anaomba maji kila mara, na bado anatania: “Nikifa, friji msinizike nayo. Mtaweka soda wapi?” Binti akarudi na chupa mpya, mama akajidunga, tukapumua. Asubuhi chungu kikarudi mahali pake, friji akaiachia ploti.

Kwenye mazishi mhubiri akasema sukari imetupokonya mama. Nikasimama, na mkongojo wangu: “Haikumpokonya mtu! Wamezeeka pamoja, na yeye ndiye alikuwa anaipangia!” Makofi yakalia, mazishini.

Muuza samaki naye siku hizi ana sukari, na ndiye aliyerithi chungu. Kwa hiyo nasema: kinachokuweka hai kipe mahali pake, pasipofika mkono wa kila mtu. Jana nilipita kwake, nikanyoosha mkono nifunue kitambaa. Akanichapa vidole.

“Mzee, hapo hapaguswi!”