Mbwa Aliyenilea

Tumbo la mama yangu lilianza kuvimba mwaka niliohamishiwa Lodwar kufundisha sayansi katika shule ya msingi. Alikuwa mjane wa miaka mingi na umri wa kuzaa ulikuwa umempita, lakini majirani zake, ng'ambo ya laga, mto wa msimu unaopita Kakuma, walinong'ona kwamba ana mimba. Wengine walisema amerogwa. Mganga mmoja akamchoma ngozi ya tumbo kwa chuma cha moto, safu mbili za alama, na tumbo likaendelea kukua.

Nilipoenda kumwona nilimkuta ameketi kivulini, shanga shingoni kama siku zote, ila alihema kama mtu aliyetoka kupanda mlima. Mbwa wake wawili walikuwa wamelala miguuni pake.

"Ejok," alinisalimu.

"Ejok-noi, mama. Unaumwa wapi?"

"Siumwi. Nimebeba tu."

Kesho yake nilimpeleka hospitalini Lodwar. Daktari aliyetupokea alikuwa mwanamke aliyetoka "Kenya", kama tunavyosema huku tukimaanisha kule kusini, na hakujua Kiturkana. Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa mkalimani. Alimpaka mama mafuta baridi tumboni, akapitisha kile kifaa cha kupigia picha, kisha akanigeuzia skrini. Niliona duara jeusi, kubwa kama kichwa cha mtoto mchanga, na ndani yake vijiduara vingi vilivyobanana.

"Hiki ni kifuko cha maji, kiko kwenye ini," alisema. "Kimeletwa na mnyoo wa mbwa."

Nilikuwa nimefundisha habari za tegu miaka mingi. Nilimchora ubaoni yule mrefu wa ng'ombe, wanafunzi wakakunja nyuso. Huyu sikuwahi kumchora. Daktari alinieleza kwamba ni mdogo kuliko punje ya mchele, anaishi kwenye utumbo wa mbwa bila kumdhuru, na mayai yake, yanayotoka na kinyesi cha mbwa, hayaonekani kwa macho. Mbuzi huyameza pamoja na majani. Ndani ya mbuzi mnyoo hujijengea kifuko cha maji na kungoja. Siku mbuzi akichinjwa na ini bovu likatupiwa mbwa, safari inaanza upya. Binadamu huingia humo kwa bahati mbaya. Kifuko hukua ndani yake polepole, pengine miaka kumi, pengine ishirini, kikimngoja mbwa ambaye hatakuja. Kwa mnyoo yule, mama yangu alikuwa mbuzi.

"Muulize kama anaishi karibu na mbwa," daktari alisema.

Nikamuuliza. Mama alicheka kidogo, cheko la kwanza tangu tutoke nyumbani.

"Mwambie wewe mwenyewe ulilelewa na mbwa. Maji yalikuwa mbali. Ukijichafua, nilimwita akakulamba ukawa safi. Nikienda kuchota maji, alilala kando yako mpaka nirudi. Hakuna aliyekulinda kama yule."

Nilitafsiri yote. Daktari alinitazama, halafu akamwomba mama akangoje nje kwenye benchi.

"Mwalimu," aliniambia, "panda kitandani wewe pia."

Changu kilikuwa sawa na limau dogo. Kilikuwa upande wa kulia wa ini, na sikuwahi kukisikia hata siku moja. Daktari alisema tungejaribu dawa kwanza, tuwe tunakiangalia. Nilifuta mafuta tumboni, nikafunga vifungo vya blauzi, nikatoka.

"Wewe wamekuona na nini?" mama aliuliza.

"Sina kitu. Niko sawa."

Mama alifanyiwa upasuaji wiki chache baadaye. Walikitoa kifuko kwa uangalifu mkubwa, maana maji yale yakimwagika ndani yanaweza kuua. Aliamka akiwa dhaifu, lakini aliamka. Nilimleta kwangu Nawoitorong, palepale Lodwar, apate nguvu. Alikuwa na vidonge vyake vya kumeza kila siku, nami vyangu nilivificha kwenye mkoba, chini ya madaftari ya wanafunzi.

Alasiri moja nilirudi kutoka shule nikamkuta ameketi mbele ya kigoda. Alikuwa akitafuta sindano ya kushonea shanga, akafungua mkoba niliokuwa nimeusahau. Juu ya kigoda aliweka vidonge viwili, kimoja chake na kimoja changu. Mama hajui kusoma, lakini macho anayo.

"Hivi ni vya aina moja," alisema.

"Ndiyo."

"Hiki ni cha nani?"

"Changu."

"Ni yule mbwa?"

"Huenda. Hakuna anayeweza kujua. Mayai hukaa kwenye udongo, kwenye maji, hata kwenye manyoya ya..."

"Usinifundishe," alisema. "Mimi ndiye niliyemwita."

Nilitaka kumwambia kwamba asingeweza kujua, na kwamba hata mimi niliyesoma sikujua. Jioni ile hakula. Siku tatu baadaye alidai kurudishwa kwake, na sikuweza kumzuia.

Nilimfuata mwezi uliofuata na dawa ya minyoo ya mbwa niliyoelekezwa na mtu wa mifugo. Nilikuta mbwa mmoja tu. Yule mkubwa mama alikuwa amempa mchungaji aliyekuwa akihamia upande wa Namoruputh. Huyu aliyebaki alimshika taya mwenyewe, akamsukumizia kidonge kooni, wala hakumpapasa kama zamani. Siku hizi akichinja mbuzi, ini lenye malengelenge hulifukia na kulilundikia mawe juu. Jirani alipomuuliza kwa nini anamnyima mbwa chakula, alimjibu kwamba ndivyo anavyotaka.

Mara ya mwisho nilipopimwa, kifuko changu hakikuwa kimeongezeka wala kupungua. Nimemweleza mama hivyo kwa simu, nikarudia mara mbili. Hata hivyo, nikifika Kakuma, hunitazama tumbo kabla hajanitazama uso. Kisha hunisalimu, na tunazungumza juu ya mvua.