Klachi ya Masudi na Kikapu cha Mkwe

Masudi ni fundi pikipiki njia ya Chimwaga, na maneno yake ni mengi kuliko spana zake. Mteja akija na skuta inayolia tu bila kwenda, hajashuka vizuri, Masudi ameshaanza somo: ukiwa mlimani usiishikilie skuta kwa kukaza mafuta, unaunguza klachi. Ikizidiwa, abiria ashuke. Aibu ya nini? Akimaliza hapo hujifuta mikono taratibu, anajisikia kweli kweli.

Basi mama mkwe wake, Bi Tabu, akaja kutoka Kondoa kutibiwa jicho. Moja lilishaharibika zamani, hili ndilo alilobaki nalo. Ilibidi akatiwe dawa kliniki kila asubuhi, kisha Alhamisi afanyiwe upasuaji na daktari mgeni. Akiikosa siku hiyo, daktari ameondoka, na arudi lini hakuna ajuaye. Shamimu, mke wa Masudi, akashauri wakodi bajaji. Masudi akang'aka. Mkwe wake apelekwe na mwanamume mwingine, na yeye skuta iko mlangoni? Kondoa watamwelewaje?

Kwa hiyo Bi Tabu akapanda nyuma, kikapu chake katikati yao, maana mkwe na mkwe hawagusani hivi hivi tu. Tambarare walikwenda vizuri. Kilimani wakakuta foleni ya magari, na abiria mwingine yeyote angeambiwa ashuke. Lakini mkwe unamwambiaje? Kwamba ni mzito? Masudi akakaza mafuta, skuta ikalia, ikapanda kwa kujivuta, na harufu ya kuungua ikapanda nao. Yeye huyo anapungia watu mkono kana kwamba mambo shwari. Kesho yake akafanya vile vile, na keshokutwa yake pia.

Jumatano waliporudi nyumbani, injini ikanguruma na tairi likasimama. Masudi akaisukuma hadi kibandani kwake, akafungua mfuniko wa klachi. Vile vipande vya klachi, ambavyo kazi yake ni kutanuka na kulishika bakuli lake, vilikuwa vimeiva kwa joto, vigumu, vinang'aa kama sahani iliyorambwa. Vingeshika nini? Ingekuwa skuta ya mteja, angemsema mpaka aombe radhi. Ebenezer, fundi wa kibanda cha pili, akaviona vile vipande mkononi mwake, akauliza ni vya skuta ya nani.

"Ya jamaa mmoja hivi," Masudi akamjibu. "Mbishi huyo, haambiliki."

Ebenezer akasikitika, akasema watu wa namna hiyo hawafai hata kupewa baiskeli. Masudi akaitikia kwa moyo wote, hata akaongeza neno au mawili ambayo Ebenezer hakuyafikiria.

Akavisugua vile vipande kwa msasa, polepole, mpaka mng'ao ukaisha na vikakwaruza kidole. Bakuli nalo akalisugua kwa ndani, akalifuta kwa kitambaa chenye petroli kidogo. Oili hakutia hata tone, visije vikateleza. Klachi imepona, sawa, lakini alijua akiishikilia tena mlimani itarudi kule kule. Dawa iliyobaki ilikuwa sentensi moja tu ya kumwambia mkwe. Akaifanyia mazoezi mbele ya ndoo ya maji machafu, na hata ndoo aliionea haya.

Alhamisi skuta ikaondoka kwa nguvu. Kilimani, foleni ile ile. Skuta ikaanza kulia, na mkono wa Masudi, mkono mpumbavu, ukakaza mafuta wenyewe. Harufu ikaja. Akaogopa kweli. Mama wa watu apofuke kwa sababu fundi mzima ameona haya?

"Mama," akasema, "nisamehe sana. Naomba ushuke..."

Hakumaliza. Bi Tabu alishakuwa chini, kikapu kichwani.

"Alhamdulillahi. Tangu siku ya kwanza nangoja uniambie. Nikishuka mwenyewe, si utasema nimeidharau pikipiki yako?"

Akapanda kilima kwa miguu, akayapita magari, akampita na mkwe wake.

Walifika kliniki jina la Bi Tabu likiwa halijaitwa. Mlangoni Masudi, bado anatafuta pa kuficha uso, akamuuliza kwa adabu alijuaje kwamba skuta imezidiwa, na jicho lenyewe lile.

"Kibovu ni jicho, baba," Bi Tabu akasema. "Pua ni nzima."