Aliyemchekesha Mtoto wa Leandra

Binamu yangu Arlinda Peshlakai ana kazi ambayo mimi nisingeipokea hata ningeahidiwa kundi zima la kondoo. Anazunguka nchi yetu ya Wanavajo, huku Marekani, akitafuta watoto wa kusomea uhandisi katika chuo chetu. Si kwamba vichwa hatuna. Vipo tele, vinafunga injini za pikapu kwa waya na utepe na gari linatembea mpaka Gallup na kurudi. Lakini ukimtajia kijana wetu neno uhandisi, anakutazama kana kwamba umemwambia aoe ndani ya ukoo wake.

Mimi nafundisha kuchomelea vyuma katika chuo hichohicho, na pikapu yangu ndiyo inayoziweza njia za huko anakokwenda, kwa hiyo namwendesha. Ukoo wa mama yake, Nyumba Ndefu, ndio ukoo wa baba yangu. Kwetu hiyo inatosha kunipa ruhusa ya kumtania mpaka meno yatutoke sote wawili, na naitumia ruhusa hiyo vizuri.

Nianze na kondoo. Arlinda amekulia kondooni na anawaogopa kama moto. Alipokuwa msichana kondoo dume mmoja alimfukuza mpaka akapanda juu ya paa la choo, akakaa huko mpaka mama yake alipomkosa kwenye chakula. Yeye husema aliingia uhandisi kwa sababu ya kupenda hesabu. Sisi tuliomshusha paani tunajua alichokuwa anakikimbia.

Huko chuo kikuu Albuquerque alikuwa peke yake kutoka kwetu katika darasa zima. Walipoambiwa wachaguane wawili wawili kwa ajili ya maabara, yeye akabaki, akafanya na mwalimu. Anaisimulia kwa kicheko. Lakini nimeona kwamba mwanafunzi wake yeyote akienda maabara mara ya kwanza, Arlinda naye yumo, amekaa pembeni na gazeti, anajifanya anasoma. Alijenga barabara miaka kadhaa, kisha akarudi nyumbani kuhakikisha mtoto wetu mwingine habaki peke yake. Hapo sina utani. Nampenda kwa hilo.

Njia yake ni moja. Akiingia nyumba ya watu hutaja koo zake, za mama na za baba, nao wanataja zao, mpaka upatikane udugu. Udugu haukosekani kamwe. Akitokea kuwa mama yako kiukoo, anakuagiza. Akitokea kuwa binamu, anakutania mpaka usalimu amri. Nimemwona akimwambia kijana mmoja mwenye misuli, "We unamkalia ng'ombe dume mwenye hasira mbele ya watu wote, halafu unaogopa kugawanya?" Kijana huyo sasa yuko mwaka wa pili.

Lakini kwa Bibi Desbah njia hiyo iligonga mwamba.

Bibi Desbah ni nyanya yake Leandra, na Leandra ndiye mwanafunzi bora aliyepata kupita mikononi mwa Arlinda. Yuko mwaka wa tatu, mambo ya mabomba na maji. Masika yaliyopita alipata nafasi ya kufanya kazi kiangazi kizima katika ofisi ya wahandisi wa maji Albuquerque, ofisi inayopanga mabomba ya kufika hukuhuku kwetu, ambako bado tunabeba maji kwa mapipa. Mwanafunzi asiyepata kazi ya namna hiyo, akimaliza, hakuna anayemtazama. Leandra alilijua hilo, Arlinda alilijua, na nafasi hiyo haingemngoja mtu.

Tatizo lilikuwa kiangazi chenyewe. Leandra ana mtoto mchanga, Rydell, na baba wa mtoto yuko kwenye visima vya mafuta Texas. Mjomba wake, Wilbert, kiangazi huondoka na kikosi cha kuzima moto wa misituni. Anayebaki na kondoo ni Leandra. Na Bibi akisema hapana, Leandra haendi. Hatukulelewa kuwapita bibi zetu.

Tukaenda kumwomba. Njiani nikamwonya Arlinda.

"Yule mtoto yuko karibu kucheka. Chunga mdomo wako."

"Mimi?" akasema. "Mimi nitakaa kimya kama jiwe."

"Jiwe gani? Hilo linaloporomoka mlimani?"

Maana kwetu mtoto mchanga akicheka mara ya kwanza, aliyemchekesha lazima afanye karamu, achinje, amshike mtoto mkono, na kila mgeni apokee chumvi kutoka kwenye mkono huo, ili mtoto akue asiwe bahili. Tena mtoto huchukua tabia ya aliyemchekesha. Kwa hiyo familia huchagua. Bibi Desbah alikuwa amemchagua Wilbert, mtu mpole, mkarimu, mtu wa kondoo.

Tulimkuta Wilbert amepiga magoti mbele ya kitanda kidogo cha mbao ambamo mtoto amefungwa kwa kamba, kama ilivyo desturi yetu, anamkunjia uso. Wilbert ni mtu mwenye haya sana. Alikuwa anachekesha kama mtu anayeumwa jino, na Rydell anamtazama kwa huruma.

Koo zikatajwa, kahawa ikamiminwa. Arlinda akaeleza habari ya kazi. Bibi akasikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kisha akasema, "Hapana."

"Bibi, ni kiangazi kimoja tu."

"Na kwa Orlando ilikuwa kiangazi kimoja tu."

Orlando ni mwanawe mkubwa, mwanafunzi wa kwanza kabisa wa Arlinda. Yuko Houston, anajenga madaraja. Anatuma pesa, anatuma picha za madaraja. Mwenyewe haji.

"Orlando ni mhandisi mkubwa, Bibi. Watu wanamwonea fahari."

"Nami namwonea. Fahari haifungui zizi asubuhi." Akamwongezea kahawa. "Ulinichukulia mmoja. Huyu niachie."

Leandra alikuwa kwenye sinia la unga, anakanda mkate bila kuinua kichwa. Nikaona machozi yanadondoka ungani, naye anaendelea kukanda.

Arlinda akasimama, akaanza hotuba. Namjua, akianza hotuba lazima atembee. Akatembea kurudi nyuma kuelekea mlangoni, mikono hewani, anasema juu ya watoto wetu na maji yetu na nani atatujengea tusipojijengea wenyewe, na yalikuwa maneno mazuri kwelikweli. Mlango ulikuwa wazi. Mbuzi mmoja wa Bibi akaingiza kichwa, akaishika sketi ya Arlinda kwa meno, akavuta.

Sijui kama mtu wa umri ule ameshawahi kuruka vile. Alitua juu ya kiti, ameshika sufuria kama ngao, anapiga ukelele uliowafanya mbwa wote wajibu. Na katika kimya kilichofuata, kutoka kwenye kitanda cha mbao, kikasikika kicheko kidogo, chenye mate, kitamu.

Wote tukageukia kitanda.

"Ni mbuzi," akasema Wilbert harakaharaka. "Amemchekea mbuzi."

"Mbuzi hawezi kuandaa karamu," nikasema mimi.

"Anaweza kuwa karamu," akasema Arlinda kutoka juu ya kiti.

Bibi Desbah akamwinamia mtoto, akafuata macho yake. Rydell alikuwa anamtazama Arlinda, anasubiri aruke tena.

"Basi," Bibi akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepigwa. "Maji yakimwagika hayazoleki. Atakuwa na mdomo kama wako. Na miguu kama yako, ya kuondoka."

Tukaondoka, tukaingia barabara ya lami. Arlinda akasema, "Nimeharibu, binamu." Nilikuwa na utani mzuri ulioiva juu ya ile sufuria. Nikaumeza.

Karamu ikafanyika Jumamosi, mbele ya nyumba ya Bibi. Kondoo Arlinda ilimbidi amnunue kwa Bibi mwenyewe, naye Bibi akamchagulia aliyenona kuliko wote na hakumpunguzia hata senti. Wanafunzi wetu wa uhandisi wakaja kujenga kivuli cha matawi, wakabishana asubuhi nzima juu ya pembe za nguzo. Nyama ikachomwa, mikate ikakaangwa, ndugu wakaja kutoka pande zote, maana habari ya Arlinda juu ya kiti ilikuwa imeshafika mpaka Shiprock.

"Shangazi, leo huruki?" vijana wakamuuliza.

"Leteni sahani zenu, watovu wa adabu," akawajibu.

Akakaa chini, Rydell mapajani, mkono mdogo ndani ya mkono wake. Kila aliyepita akapewa punje ya chumvi na mtoto, na mfuko wa vitu vitamu. Arlinda alikuwa mpole siku hiyo. Hakumwomba Bibi chochote. Kutumia karamu ya mtoto kwa kuombea jambo ingekuwa aibu, na aibu hiyo hakuitaka, ingawa Leandra alitakiwa kutoa jibu Jumatatu.

Bibi Desbah akaja mwisho. Akapokea chumvi, akaiweka ulimini, akabaki amesimama.

"Chumvi nimeipata," akasema. "Bado nina haja moja. Leo wewe ndiye mtoaji."

"Sema, Bibi."

"Leandra ataenda Albuquerque. Mtoto atabaki nami." Kule kwenye moto Leandra akaacha kugeuza nyama. "Wilbert atakuwa misituni. Kwa hiyo nataka mchungaji."

Arlinda akang'aa uso mzima. "Hilo tu? Bibi, nitakutafutia kijana mzuri sana, kuna mmoja..."

"Kutafuta watoto wa watu unajua. Sitaki mtoto wa mtu. Nakutaka wewe."

Nikasikia watu wanaziba midomo.

"Mimi?"

"Chuo si kinafungwa kiangazi?"

"Kinafungwa, lakini Bibi, mimi na kondoo..."

"Mtoto anakutazama," Bibi akasema.

Kweli Rydell alikuwa anamtazama, mkono wake bado umo katika wa Arlinda, una chembechembe za chumvi. Huwezi kumnyima mtu kitu mbele ya mtoto unayemfundisha kutoa. Mkuki kwa nguruwe, nilijiambia, na kicheko kilikuwa kimenifika kooni. Ndipo Bibi akainama, akasema kwa sauti ndogo, lakini mimi nilikuwa karibu.

"Orlando alipoondoka, fimbo yake ilibaki imeegemea pale zizini. Kila asubuhi niliiona. Hakuna aliyekuja kuishika. Ulimpeleka huko ukahakikisha hayuko peke yake. Vizuri. Na mimi je?"

"Sikujua, Bibi."

"Hukuuliza. Uliuliza koo zetu tu."

Kicheko changu kikarudi kilikotoka. Arlinda akatazama zizi. Kisha akasema, "Nitakuja."

Na alikwenda. Niliwapelekea maji katikati ya kiangazi, nikamkuta ana kofia ya majani na fimbo, ngozi ya pua imebambuka, anamtukana kondoo dume kwa majina ya wahadhiri wake wa zamani. Dume hilo lilikuwa linamsikiliza, ingawa kwa shingo upande. Tukapanda wote kilimani na kundi, Bibi amempakata Rydell, maana simu inashika kule juu tu, na ilikuwa siku ya Leandra kupiga.

Sauti ya Leandra ilijaa kilima. Wamempa ramani, anapima njia ya bomba, tena wiki ile walikuwa upande wetu. Ofisini wako wawili kutoka kwetu, wanakula pamoja mchana. Aliongea mpaka pumzi ikamwishia, kisha akakumbuka, akauliza kwa wasiwasi, "Na kondoo, Bibi? Shangazi Arlinda hajakimbia akakuacha peke yako?"

Bibi Desbah akamwonyesha kwa kuchomoza midomo, kama tufanyavyo sisi, kana kwamba Leandra angeweza kuona, yule mwanamke aliyekuwa chini mteremkoni akimvuta mwana-kondoo kutoka kwenye miiba.

"Siko peke yangu," akasema. "Wewe pima bomba lako."